Watu wa Chai wa Ghorofani

Tirthaman alikuwa mlevi, na mwanamke aliyempenda alikuwa binti wa mpika pombe. Tatizo lenyewe ndilo hilo, na hakuna namna ya kulipamba. Mtaa mzima wa wafua shaba pale mjini Patan ulilijua. Walijua kwamba mkono wake ukiwa mzima hufua mtungi wa maji usio na kasoro, na ukiwa na kiu huitoboa shaba kwa nyundo. Walijua pia kwamba kila akipita dukani kwa Mama Sanumaiya, macho yake hukimbilia mahali pawili: kwa Pramila aliyeketi mbele akikaanga bara, ile mikate minene ya dengu, na nyuma ya pazia, penye meza nne ambako mama mtu alimimina pombe kutoka kwenye birika lenye mdomo mrefu.

Ijumaa hiyo alikuwa na siku tisa bila kuonja tone. Usiku alikuwa akitoka jasho mpaka godoro linalowa, na mchana aliishika nyundo kwa mikono miwili. Alikuja akasimama mbele ya kikaango cha Pramila, upande wa barabarani, asithubutu kuvuka kizingiti.

"Moja au mbili?" Pramila aliuliza bila kuinua macho.

"Nataka kuzungumza."

"Mazungumzo hatuuzi. Ya yai au ya kawaida?"

"Ya yai."

Pramila alipasua yai juu ya unga, akalitandaza kwa kidole. Alikuwa na miaka thelathini, na alikuwa na tabia ya kung'ata mdomo wa chini akiwa anageuza bara, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Tirthaman angeweza kusimama pale akimtazama aking'ata mdomo hivyo mpaka jua lizame, na siku nyingine alikuwa amefanya hivyo hivyo.

"Unatetemeka," Pramila alisema.

"Kidogo."

"Kidogo? Ungeshika wewe kikaango hiki, bara ingejigeuza yenyewe."

Tirthaman alicheka. Pramila hakucheka, lakini pembe ya mdomo wake ilisogea, na hiyo ilimtosha.

"Jumatatu wanaleta popoo," Pramila alisema.

Kicheko kilikatika. Popoo kumi zikishapokelewa mlangoni, binti ameshachumbiwa, na kuzirudisha baada ya hapo ni ugomvi wa vizazi viwili.

"Nani analeta?"

"Yule wa matofali. Wa Bhaktapur."

"Mwenye gari?"

"Mwenye gari, mwenye nyumba ya ghorofa tatu, mwenye meno yote."

Tirthaman alifunga mdomo, maana yeye alikuwa na pengo upande wa kushoto, na halikutokana na uzee.

"Na wewe unasemaje, Pramila?"

"Mwenye kauli ni mama. Juzi nilimtajia jina lako. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Yule namjua. Nimemmiminia miaka kumi na moja. Najua hata kikombe anachokipenda. Mtoto wangu simpi mteja wangu.'"

"Nimeacha."

"Umeacha mara ngapi?"

"Hii ni ya tano."

"Ya saba. Wewe unakunywa, mimi nahesabu." Aliipakua bara, akaiweka kwenye jani, lakini hakumpa. Alimwangalia sawasawa usoni kwa mara ya kwanza tangu afike, na macho yake yalikuwa yamechoka kwa namna ambayo Tirthaman hakuwahi kuiona. "Tirtha, nisikilize. Sitaki dhahabu. Sitaki ghorofa. Kuna watu wanakutana kila Jumamosi saa tano asubuhi. Ni watu walioshindwa kuacha peke yao, sasa wanaacha pamoja. Unakijua kile kisima cha mawe chenye mifereji mitatu?"

"Nakijua."

"Kuna ua nyuma yake, wenye kihekalu katikati na njiwa wengi. Mlango wa pili. Vua viatu, keti mkekani, hakuna atakayekuuliza wewe ni nani. Mtu anasimama, anataja jina lake, anasema mimi ni mlevi, basi, anaketi. Nimesikia ndivyo wanavyofanya."

"Umesikia kwa nani?"

"Duka lina masikio. Utakwenda?"

"Nikienda?"

"Ukirudi nitakuangalia usoni, nitajua."

Nyuma ya pazia Mama Sanumaiya alikohoa. "Pramila, huyo analipa au anapunga upepo?"

"Analipa, mama."

Alimsukumia jani lenye bara. Vidole vyao viligusana juu ya mvuke, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa.

*

Jumamosi Tirthaman alioga kisimani asubuhi mapema, akavaa shati lililopigwa pasi na dada yake, akafika dakika ishirini kabla ya wakati. Kichochoro cha kisimani kilikuwa kimezibwa na pikipiki tatu na lundo la mchanga wa fundi, kwa hiyo alizunguka akaingilia lango kubwa upande wa pili. Akafanya kama afanyavyo kila mtu aliyelelewa vizuri: akakizunguka kihekalu kikiwa mkono wake wa kulia, huku akihesabu milango. Wa kwanza. Wa pili. Ule wa pili ulikuwa wazi, na viatu vya wanaume vimejaa kizingitini.

Hakuwaza kwamba mlango wa pili kwa mtu anayetokea kisimani si mlango wa pili kwa mtu anayetokea langoni.

Ndani palikuwa na safu ya wanaume kwenye mkeka mrefu wa nyasi, migongo ukutani, wote kimya. Hakumjua hata mmoja, akashukuru. Mtu wa pembeni alimsogelea mwenzake ili kumpa mgeni nafasi.

"Kaa, ndugu. Bado hatujaanza."

Tirthaman alikaa. Kweli, hakuna aliyemuuliza jina. Aliwatazama kwa jicho la pembeni, akawaonea huruma. Mzee mmoja mbele kabisa alikuwa na macho mekundu na mashavu yaliyobonyea. Huyu, Tirthaman aliwaza, pombe imemmaliza. Mwingine alikuwa akimeza mate kila baada ya muda. Huyu naye hata wiki hajafikisha. Watu wazima wenye heshima zao, wamekaa hapa na aibu yao. Moyo ukamlainika. Akawapenda wote.

Dakika zilipita na hakuna aliyesimama. Akaona labda wanamsubiri mgeni. Akasimama yeye.

"Jina langu Tirthaman," alisema, na sauti ilitoka nyembamba. "Mimi ni mlevi. Leo ni siku ya kumi."

Wote walimtazama. Akadhani hajasema ya kutosha.

"Niliuza nyundo za marehemu baba yangu, zote saba. Dada yangu akazinunua tena, nikaziuza tena. Niliwahi kulala kwenye mtungi niliokuwa naufua. Mtungi mkubwa, ule wa harusi. Mwenye harusi alikuja kuuchukua, akanikuta ndani."

Mtu mmoja mwishoni mwa safu alitoa sauti kama ya kukabwa. Mlangoni alikuwa amesimama mama mnene mwenye birika, hajui aingie au arudi.

Yule mzee wa macho mekundu alisafisha koo. "Mwanangu, wewe ni wa ukoo gani?"

"Mimi? Sisi ni wafua shaba, babu. Wa mtaa wa huku juu."

"Sisi ni wakulima," mzee alisema kwa upole. "Hapa ni karamu ya ukoo. Tunagawana kichwa cha mbuzi."

Ndipo Tirthaman alipoiona ile sinia mbele ya mzee. Jicho la kulia, jicho la kushoto, masikio, pua, ulimi, taya, kila kipande kimepangwa kumsubiri mzee wake, kwa kufuata umri. Mtu yeyote wa mji ule angeitambua sinia hiyo akiwa kwenye paa la jirani, naye alikuwa amekaa hatua tano mbele yake akiwaonea watu huruma.

"Tulikuwa tunamsubiri mwenye sikio la kushoto," mzee aliendelea. "Tulipokuona tukadhani wewe ni mkwe wa Chiniman."

"Mkwe wangu mrefu," Chiniman alisema. "Lakini naye mlevi, ndiyo maana sikusema kitu."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na Tirthaman, masikio yakimwaka moto, akajikuta anacheka nao, kwa sababu lingine la kufanya halikuwepo.

Yule mama mwenye birika alimwonea huruma. "Jamani, mnamcheka mtoto wa watu. Maskini, amekauka midomo. Hebu mpeni kibakuli." Na kabla mtu hajasema neno, kibakuli cha udongo kilikuwa mkononi mwa Tirthaman, na mama ameliinua birika juu ya kichwa kama wafanyavyo mafundi wa kumimina, uzi mwembamba wa pombe unashuka bila kutapanyika.

Tirthaman aliisikia harufu kabla haijafika. Kicheko kilimkauka. Siku tisa na asubuhi moja zilikuwa nyepesi kama unyoya mbele ya harufu ile. Mkono wake haukutetemeka tena, na hilo ndilo lililomtisha: mkono ulitulia kabisa, ukasogea wenyewe kuipokea.

Kiganja cha mtu kilifunika kibakuli. Alikuwa yule mzee, amenyanyuka kutoka mahali pake pa heshima. Pombe ilimwagika juu ya vidole vyake, ikatiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Huyu si wa birika," mzee alisema. "Huyu ni wa chai."

"Wa chai?" Tirthaman aliuliza.

"Wale unaowatafuta sisi tunawaita watu wa chai. Wako ghorofani, mlango wa pili ukitokea kisimani. Kila Jumamosi wanapiga makofi juu ya vichwa vyetu. Nenda, mwanangu, utachelewa. Ukimaliza shuka ule, nyama ipo. Birika hili hutaliona."

"Na ukifika huko tazama kwanza," Chiniman alisema, "usije ukakiri kwa mafundi wa bomba."

*

Ngazi ilikuwa imesimama wima kama ngazi ya kupandia paa. Tirthaman aliikwea upesi, akagonga paji la uso kwenye boriti ya mlango mpaka akaona nyota. Alisimama pale ameshika kichwa, na kabla macho hayajatulia, masikio yake yaliitambua sauti iliyokuwa ikizungumza.

"Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Nilionja kila chungu. Kwanza kijiko. Halafu kikombe. Halafu nikawa napika ili nionje. Siku moja nilisinzia mbele ya jiko, moto ukashika pazia, ukashika na nywele za mwanangu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikwenda shule mwezi mzima amefunga kitambaa. Wenzake walipomuuliza, aliwaambia ana chawa. Alichagua chawa kuliko kunitaja mimi. Na mimi niliendelea kuonja miaka tisa mingine."

Watu kumi na wawili walikaa duara na vikombe vya chai. Anayesema alikuwa ameupa mlango mgongo. Shali lile la kijivu Tirthaman alilijua, alikuwa amelitazama miaka kumi na moja akiwa anasubiri kumiminiwa.

Ngazi ilikuwa nyuma yake. Angeweza kushuka bila sauti, akamwambia Pramila hakupaona mahali penyewe. Hata mguu mmoja alikuwa ameshaurudisha.

"Karibu, ndugu," alisema mwenyekiti, dereva mstaafu wa basi aliyeitwa Keshar, mwenye sauti ya kuita abiria. "Usione haya. Kila mgeni hugonga kichwa hapo. Ndiyo kiingilio chetu."

Mama Sanumaiya aligeuka.

Walitazamana. Chai ilitokota kwenye jiko dogo pembeni, na hakuna aliyeishusha.

"Wewe," Mama Sanumaiya alisema.

"Mimi, mama."

"Nani amekuleta hapa?"

"Babu mmoja wa chini. Wale wa kichwa cha mbuzi."

Mtu alicheka kidogo. Mama Sanumaiya hakucheka. "Na kabla ya huyo babu?"

"Pramila."

Uso wa mama ulibadilika kama maji yaliyodondoshewa jiwe. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Tirthaman akadhani amemliza mama wa watu, mpaka alipoisikia sauti. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shali.

"Miaka sita," aliwaambia wenzake. "Miaka sita namwambia yule mtoto nakwenda kuimba nyimbo za hekaluni. Kumbe amejua siku zote. Na sasa amenitumia mteja."

"Ndiyo maana nakwambia kila wiki, dada Sanu," alisema mwanamke mmoja mwenye miwani. "Unatuuzia ugonjwa, halafu unakuja kuugua na sisi."

"Wewe nyamaza, wewe hujawahi kununua kwangu."

"Nilinunua kwa jirani yako. Yako ilikuwa ghali."

Keshar aligonga kikombe kwa kijiko. "Ndugu mgeni. Hapa hakuna mama wa mtu wala mteja wa mtu. Likisemwa hapa linabaki hapa. Unataka kusema?"

"Nimeshasema yote chini," Tirthaman alisema. "Kwa wakulima."

Ilibidi awaeleze. Alipofika kwenye sikio la kushoto, dereva mstaafu alikuwa amelala ubavu akipiga sakafu kwa kiganja. Na wale wa chini, waliposikia vishindo, wakagonga dari kwa fimbo kujibu.

Walipotulia, Tirthaman hakuona haya tena. Alikaa chini, akasema yale ambayo chini hakuyasema.

"Mara ya sita niliacha miezi miwili. Nikaenda harusi ya binamu yangu, wakanipa sagun. Yai, samaki, nyama, na kikombe. Utakataaje kikombe cha baraka mbele ya shangazi zako? Nilikunywa baraka, nikaendelea kubarikiwa siku nne." Alingoja kicheko kipite. Halafu hakumtazama Mama Sanumaiya, alizungumza na kikombe chake cha chai. "Kuna duka nalipenda. Nimekwenda pale miaka kumi na moja kwa sababu mbili, na kila siku ile sababu mbaya ilinifikisha kwanza. Nataka kwenda siku moja kwa ile nzuri peke yake. Nataka nimtazame nikiwa na macho yangu. Basi. Mimi ni mlevi. Leo siku ya kumi."

Walimpigia makofi. Mama Sanumaiya naye alipiga, taratibu, mara nne au tano. Kisha akamjazia chai, akamwongezea sukari vijiko viwili bila kumuuliza.

"Mwili utakuomba tamu," alisema. "Mwezi wa kwanza mpe."

Baadaye, wakati wa kutafuta viatu, Tirthaman alimuuliza kwa sauti ya chini. "Mama, sasa unapikaje bila kuonja?"

"Nawasha kijiko kimoja cha pombe kwa kiberiti. Moto ukiwa bluu, tayari. Usiposhika, ni maji."

"Na ladha?"

"Ladha ananusa Pramila." Aliipata ndala yake moja, akaendelea kuitafuta ya pili. "Tangulia. Hatutembei pamoja, mtaa una macho."

*

Pramila hakuwa anakaanga chochote. Jiko lilikuwa linawaka bure na unga umeanza kukauka pembeni mwa bakuli. Alipomwona Tirthaman anakuja, alijifanya anafuta kaunta iliyokwisha kuwa safi.

"Mbona una nundu?"

"Kiingilio."

Alimwangalia usoni kama alivyoahidi. Alichukua muda wake. Tirthaman alisimama akaangaliwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na cha kuficha nyuma ya macho, wala harufu ya kuizuia kwa karafuu. Alimwona Pramila aking'ata mdomo wa chini, kisha akiuachia.

"Umefika," Pramila alisema kwa sauti ndogo.

"Nimefika mara mbili."

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta nani? Likisemwa kule linabaki kule."

Hapo Pramila alicheka, kicheko kizima cha kutoka tumboni, kile ambacho Tirthaman alikuwa hajakisikia tangu mwaka jana sikukuu ya taa. Alikuwa bado anacheka Mama Sanumaiya alipotokea kwenye kona, shali begani, akaja mpaka kwenye kaunta akasimama upande wa wateja, kando ya Tirthaman.

"Umejua tangu lini?" alimuuliza binti yake.

"Tangu ulipokuwa unarudi kutoka kwenye nyimbo bila kujua hata wimbo mmoja."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unarudi na macho safi, mama. Ningesema nini?"

Mama alitazama pembeni kwa muda, kwenye barabara, ambako hapakuwa na cha kutazama. Alipogeuka, sauti ilikuwa imerudi kuwa ya mwenye duka.

"Haya. Na huyu, ulinitumia nimsikilize?"

"Ulisema unamjua. Mimi nikaona unamjua nusu tu, ile nusu inayokaa nyuma ya pazia."

"Siku kumi si kitu, Pramila. Mimi nilifikisha siku arobaini, nikaanguka. Nikafikisha mia, nikaanguka. Huyu ataanguka."

"Naweza kuanguka," Tirthaman alisema. "Siwezi kuapa, mama. Nimeapa mara sita."

Mama Sanumaiya alimgeukia. "Ungeapa ningekufukuza," alisema. Akavuta pumzi. "Mwaka mmoja. Jumamosi zote, bila kukosa hata moja, iwe mvua, iwe sikukuu, iwe homa. Ukianguka unasema pale pale mbele yetu, na tunaanza kuhesabu upya. Ndani ya duka huingii. Bara utakula hapo ulipo, barabarani. Mwaka ukitimia, mlete mjomba wako na popoo zako."

"Na harusi?" Pramila aliuliza. "Shangazi wote watakuwepo na sagun zao."

"Kikombe chake nitamimina mimi. Nitatia mtindi. Shangazi anayetaka kunusa, aje aninuse mimi."

"Basi na mimi nina sharti," Pramila alisema.

"Wewe tena?"

"Meza nne za nyuma ziondoke. Pika ya sagun, ya watu wa sherehe na mahekalu, mimi nitanusa. Lakini sitakaa hapa mbele mwaka mzima nikimlinda huyu huku wewe nyuma unawamiminia wenzake. Na wewe mwenyewe, mama, kila siku unapita kati ya vikombe vile. Nakuona unavyopita."

Mama Sanumaiya alifungua mdomo kubisha. Alitazama pazia. Nyuma yake wateja wawili wa mapema walikuwa wakibishana kuhusu mpira.

"Meza zile zilikusomesha," alisema.

"Najua."

"Na ndizo zilizochoma nywele zako." Aliingia ndani bila kusema zaidi. Walimsikia anawaambia wale wateja wamalize, leo wanafunga. Mmoja aliuliza watafungua saa ngapi.

Pramila alimimina unga kwenye kikaango. Ulilia juu ya mafuta moto. Alipasua yai, akalitandaza, na Tirthaman alisimama barabarani kwenye jua la mchana akimtazama, kwa ile sababu moja.

"Mkono," Pramila alisema.

Aliunyoosha. Ulikuwa bado unatetemeka. Pramila aliushika juu ya kaunta, mbele ya mtaa wote, mbele ya muuza vitunguu na wake wawili wa fundi saa, akaushikilia mpaka bara ikaanza kuungua upande wa chini, na hata hapo hakuuachia mara moja.

Jioni ile Mama Sanumaiya alimpeleka mpwa wake Bhaktapur na ujumbe wa heshima kwamba Jumatatu wasisumbuke. Gharama yenyewe ilikuwa hii: mchumba mmoja mwenye matofali, na gari lake, na ghorofa zake tatu. Meza nne, viti kumi na sita, na wateja thelathini na mmoja, ambao kati yao ishirini na wawili hawakusalimia tena. Siri moja ya miaka sita. Kwa Pramila, mwaka mzima wa shangazi kumuuliza anangoja nini. Kwa Tirthaman, marafiki watano, wote aliokuwa nao, na Jumamosi hamsini na mbili. Moja alikuwa ameshailipa.